Tusinunue Nishati kwa Maji Yetu

Kila tunapotetea ziwa au mto, tunajibiwa neno lile lile: nchi yahitaji nishati, na asiyetaka mafuta yachimbwe hataki maendeleo. Hoja hiyo yaonekana nzito. Tuipime.

Tarehe 28 Julai 2022 serikali yetu ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Baadhi viliingia ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Oktoba 2024 mnada wa mafuta ulifutwa; lakini mwaka 2025 vitalu vipya 52 vikatangazwa katika bonde la mto Kongo. Basi kufuta mnada si kuyalinda maji.

Kisima cha mafuta hakitoi mafuta peke yake. Hutoa pia maji ya chini ya ardhi, yenye chumvi nyingi, mabaki ya mafuta, na mara nyingi madini yenye sumu. Maji hayo yasiposafishwa au kurudishwa ardhini kwa uangalifu, huishia mtoni. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge huishi kwa samaki wa Ziwa Edward. Na maji ya ziwa hilo hushuka kwa mto Semliki hadi Ziwa Albert, kisha Nile. Uchafu wetu utakuwa kinywaji cha jirani.

Je, mafuta yametuletea mwanga? Huko Muanda yanachimbwa tangu miaka ya 1970. Nusu karne imepita, na Wakongomani walio wengi bado hulala gizani, kwa maana mafuta hayo ghafi huuzwa nje. Lakini huko Rutshuru, kituo cha Matebe, kilichozinduliwa Desemba 2015, huzalisha umeme kwa nguvu ya mto, bila tone la mafuta. Mtu asituambie, basi, kwamba ni lazima tuchague kati ya taa na maji safi.

Tudai mambo matatu. Maziwa na hifadhi ziondolewe katika ramani za mnada. Kwingineko, maji yapimwe kabla ya kuchimba, na matokeo yatangazwe kwa lugha ya wanakijiji. Bila kipimo cha mwanzo, nani atathibitisha kwamba yameharibiwa? Na anayechafua agharimie usafishaji.

Mafuta yatakwisha. Ziwa lililoharibika litarithiwa na watoto ambao hawakutia sahihi mkataba wowote.