Ndimu na shabu si dawa ya harufu ukeni

Mimi ni mkunga. Kina dada wengi hunijia wakiwa wamekwisha kujiosha ukeni kwa ndimu, shabu au sabuni ya unga. Wamechubuka, na harufu iko palepale.

Tuache kujiosha hivyo. Uke hujisafisha wenyewe: bakteria walinzi hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vibaya. Sabuni ikiingia ndani huwaangamiza walinzi hao. Osha nje tu, kwa maji.

Harufu hafifu inayobadilika na hedhi au jasho ni ya kawaida. Ila shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, pamoja na uchafu mwepesi wa kijivu, mara nyingi ni bakteria waliozidi, na dawa yake ipo. Uchafu wa njano au kijani wenye povu waweza kuwa trikomonasi, ugonjwa wa zinaa. Hapo mwenzi naye atibiwe. Fangasi huwasha, lakini kwa kawaida hawanuki, basi usinunue dawa yao kwa kubahatisha.

Ukiwa na dalili hizi na u mjamzito au umetoka kujifungua, au ukipata homa, maumivu chini ya kitovu au damu isiyo ya hedhi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Nanyi waume, msiwatuhumu wake zenu: wasindikizeni.