Kifua cha Mtoto na Lawama kwa Mama

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo bado wapo akina mama wanaoachwa na waume zao kwa sababu wamezaa watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Huambiwa kwamba ukoo wao una mikosi. Tunasema wazi: hiyo ni dhuluma, tena imejengwa juu ya uongo.

Mtoto huzaliwa na ugonjwa huu pale tu anapopokea chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wazazi hao huweza kuwa wazima kabisa, wasijue kwamba wanaibeba. Kwa kila mimba yao, uwezekano wa kumpata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Basi baba anayefunga virago anaikimbia damu yake mwenyewe.

Wengi wetu tunaufahamu ugonjwa huu kwa maumivu ya viungo na macho ya manjano. Wachache wanajua jinsi unavyoshambulia kifua. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa myembamba ya mapafu. Mara nyingine shambulio huanzishwa na maambukizo; mara nyingine mafuta ya uboho hutoka mfupani na kusafiri na damu hadi mapafuni. Mtoto hushikwa na homa, kikohozi na maumivu ya kifua, na pumzi humpungua. Nyumbani husemwa ni kichomi tu, akachuliwa kifua na kufunikwa blanketi. Saa hizo zinazopotea huua. Mtoto huyo anahitaji hospitali: oksijeni, viuavijasumu, dawa ya maumivu, na mara nyingi kuongezewa damu.

Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa inapunguza mashambulio ya kifua kwa watu wazima kwa kiasi cha nusu hivi. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kuwa watoto wa Afrika nao wanaweza kuitumia kwa usalama, wakifuatiliwa na madaktari. Hapa Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na bado ziko familia ambazo hazijapata hata kuisikia dawa hiyo. Hilo ni suala la haki, wala si la madaktari peke yao.

Kuhusu wachumba, tunashauri wapime damu mapema, kabla ya mahari kutolewa, ili wajue na waamue wenyewe. Lakini tunakataa cheti cha kipimo kigeuzwe rungu. Sheria za Kanisa haziuhesabu ugonjwa huu miongoni mwa vizuizi vya ndoa, na kiongozi anayeongeza kizuizi chake binafsi anajitwalia mamlaka asiyopewa.

Na halmashauri za parokia, ambazo ni hodari sana kwa michango ya minara ya kengele, zipange pia siku ya kuchangia damu. Wanaume watangulie kwenye foleni.