Acheni Mwalimu apigiwe singeli

Safu ya Bi Kidawa

Jumanne nilimsindikiza jirani yangu kwenye shule moja ya sekondari alikoitwa kwa barua, na mpaka naandika haya damu bado inanichemka. Kosa la mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, ni video fupi ya TikTok. Amechukua sauti ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, pale anapolitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin wa Uganda tunao, sababu tunayo na nia tunayo, akaitandikia mdundo wa singeli, kisha akaweka picha ya babu yake akiwa ndani ya magwanda. Barua inasema amedhalilisha kumbukumbu ya Baba wa Taifa. Aliamriwa aifute mstarini, wenzake wakimtazama, naye akaifuta.

"Mama, hotuba ile si ya kuchezea," mwalimu wa nidhamu akanieleza, kwa upole kabisa.

Nikamuuliza wanafunzi wake wanajua nini kuhusu Lukaya. Akasema bado hawajafika huko.

Basi acheni niwaambie mtoto huyo alikuwa amefika wapi.

Babu yake ni Mzee mmoja wa mtaani kwetu, yule wa redio isiyozimwa. Alikwenda kwenye Vita vya Kagera akiwa mgambo. Miaka yote wanawe wakimuuliza habari za huko, jibu lilikuwa hilo hilo: tulikwenda, tukarudi. Mjukuu alipomwonyesha ile video sebuleni, Mzee aliomba irudiwe. Akaitazama tena. Kisha akang'aka: ngoma gani hii ya kukimbia hivi, na sisi tulikwenda kwa miguu! Hapo akaanza. Akasimulia daraja la Kyaka lililovunjwa na majeshi ya Amin, matope, njaa, Masaka iliyoanguka Februari 1979. Halafu Machi, kwenye vinamasi vya Lukaya. Makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin yalivuma juu ya vichwa vya Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa wanamgambo kama yeye. Brigedi ikatawanyika. Mzee alikimbia. Siku iliyofuata jeshi letu likajipanga, likarudi, likaichukua Lukaya, na mwezi wa Aprili likaingia Kampala. Lakini yeye alikuwa ameufungia moyoni usiku ule mmoja kwa zaidi ya miaka 40, kwa kuamini kwamba shujaa hakimbii. Alimwambia mjukuu wake kila kitu, na mama wa kijana, aliyekuwa jikoni, akasikia kwa mara ya kwanza baba yake alipitia nini.

Gwaride la Julai 25 halikuwahi kumfungua mdomo mzee huyu. Vitabu havikumfungua. Hata mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta sikupata neno. Singeli ilimfungua, kwa sababu mtoto hakumjia na daftari la maswali. Alimjia na kitu alichokitengeneza mwenyewe, chenye kasoro, na mwenye vita vyake hawezi kuiona kasoro akanyamaza.

Wanaotaka kumbukumbu ikae juu isiguswe waende Posta, Dar es Salaam. Sanamu ya Askari imesimama pale tangu 1927, ya shaba, imara. Maandishi yake yanawataja na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Waulizeni wanaokatiza pale kila asubuhi wawatajie mpagazi mmoja tu. Hatukuwaimba, hatukuwaigiza, hatukuwabishania vijiweni. Tuliwaheshimu mpaka wakatutoka.

Zipo video zinazoniudhi, tena sana. Wapo wanaomfanya Idi Amin kichekesho, na Kagera kuna familia ambazo hadi leo hazina la kucheka. Wapo wanaobandika vifaru vya vita vya nchi nyingine wakaandika Kagera. Lakini vijana hao watatumia nini? Redio ilirekodi. Wapiga picha walikuwako. Filamu ya vita ilitengenezwa. Mtoto wa leo akitafuta kwenye simu yake anaambulia vipande vilivyochakaa, vilivyonakiliwa mara nyingi hadi nyuso hazitambuliki, huku kanda zenyewe zikiwa makabatini.

Na muda unakwenda. Jenerali David Msuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Waliokwenda wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wanaelekea 70. Kila mmoja wao ana Lukaya yake, na wengi hawajaulizwa na mtu.

Mwalimu wa nidhamu, Mzee yuko tayari kuja darasani kwako. Ana sharti moja: mjukuu airudishe video, na mdundo wake. Nakuomba kwa dhati umkubalie.

Na ninyi wenye funguo za makabati ya kanda, fungueni. Wapeni vijana sauti safi, picha safi, majina na tarehe, wakate, waunganishe, wapige ngoma wanayoitaka. Mkikataa, wajukuu wetu watavikumbuka vita hivi kwa vifaru vya watu wengine, na mtakaokuwa mmelidhalilisha jeshi lile ni ninyi.