Tamko la wazazi na walezi wa Jinja na Mbale kuhusu malezi ya mchana ya watoto wenye changamoto za tabia

Sisi wazazi, mabibi wanaolea wajukuu na walezi wengine wa watoto wenye changamoto za tabia, wakazi wa Jinja na Mbale, tumekutana na kukubaliana kutoa tamko hili. Tumeliandika kwa Kiswahili kwa kuwa miongoni mwetu wamo Wasoga, Wagisu, Wateso na Waganda, na hii ndiyo lugha ambayo hakuna kati yetu anayeweza kudai ni ya kwao.

Watoto tunaowasemea ni wale wanaouma wenzao, wanaotoroka lango likiachwa wazi, wanaogonga kichwa ukutani kelele zikizidi, wasioweza kukaa kitini hata kwa muda wa kumaliza uji. Wengine wana usonji, wengine kifafa. Wengine walikuwa watulivu mpaka malaria ilipopanda kichwani: utafiti uliofanywa hapa Uganda umeonyesha kwamba mtoto anaweza kupona malaria ya ubongo na bado akabaki na kifafa au tabia iliyobadilika kabisa. Wapo pia waliozaliwa na kichwa maji au walioupata baadaye, wakafanyiwa upasuaji katika hospitali ya watoto ya CURE hapa Mbale, wakaokoka, na sasa wanahitaji mtu wa kushinda nao mchana. Na wapo wengi ambao hakuna daktari aliyewahi kuwapima, ila majirani wameshaamua: ana mapepo, au mama yake hakumfunza adabu.

Lalamiko letu kubwa ni simu. Mtoto anapokelewa kituoni Jumatatu, karo ya muhula inalipwa, na wiki haijaisha simu inalia saa nne asubuhi: njoo umchukue mtoto wako. Hakuna aliyeuliza kilichomkera, hakuna aliyekaa na mzazi, na karo hairudishwi. Mama anayeuza nyanya sokoni anafunika meza wakati wateja ndio kwanza wanaingia. Mambo yakijirudia, anaacha kumpeleka. Kuanzia hapo mtoto anashinda chini ya meza, leso imefungwa kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa meza, asije akakimbilia barabarani penye bodaboda. Hatumtetei anayemfunga mtoto. Tunasema kwamba kabla ya leso kulikuwa na simu.

Wenye nafasi kidogo huajiri yaya. Novemba 2014 Uganda nzima iliona video ya yaya wa Kampala akimpiga na kumkanyaga mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na Desemba mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 4. Ukatili ule hauna utetezi. Lakini somo ambalo wengi walilichukua ni kununua kamera, na kamera humwonyesha mzazi kilichokwisha kutendeka. Haimfundishi binti aliyetoka kijijini juzi afanye nini mtoto anapoanza kujipiga. Anaachiwa mtoto tangu alfajiri hadi usiku, hajaelezwa lolote, na mshahara wenyewe haufikii hata kodi ya chumba.

Serikali haiwezi kusema haikujua. Sheria ya Elimu ya 2008 iliacha elimu ya awali mikononi mwa watu na mashirika binafsi, kwa hiyo lango la chekechea ni la mwenye chekechea. Hata hivyo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza taasisi za elimu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu wake. Kati ya sheria hizo mbili mtoto wetu anapotea, maana asiyepimwa hana karatasi ya daktari, na asiye na karatasi ni mtundu tu. Viboko navyo vilikatazwa shuleni na Wizara ya Elimu mwaka 2006, kisha katazo likaingia katika marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016. Fimbo bado ziko juu ya makabati.

Hatudai majengo mapya. Kituo kinachofaa tunakijua tukikiona: watoto si wengi kupita kiasi, lango linafungika, ipo kona tulivu ya kumpeleka aliyezidiwa, na mlezi ni yuleyule leo na kesho. Tunavitaka vituo vikutane na mzazi kabla ya kumpokea mtoto, vimpokee kwa saa chache kwanza, na vikishindwa vimpe mzazi notisi ya wiki mbili na sehemu ya karo iliyobaki. Mshahara wa msaidizi wa ziada si jambo dogo, tunalijua hilo. Tuko tayari kuchangia tukiambiwa mapema, si kwa simu ya saa nne.

Sisi nasi tuna deni. Wengi wetu tumekuwa tukificha, tukitumaini kwamba muhula utapita salama. Kuanzia sasa kila mmoja wetu atampa mlezi karatasi moja yenye mambo ya kweli: hunywa kwa kikombe cha bluu tu, akipewa kingine humwaga, neno “subiri” halimtulizi, mwonyeshe viatu ajue mnatoka karibuni, dawa ya kifafa saa mbili asubuhi, isirukwe, akianza kuziba masikio mtoe nje kabla hajauma mtu. Sisi wa Mbale tunaongeza jambo moja. Katika miaka ya shufwa, msimu wa Imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, ngoma za kadodi hupita mitaani siku nzima. Tunaipenda ngoma yetu na hatuombi izimwe. Tunaomba vituo vijue kwamba siku hizo watoto hawa hawatakuwa walewale.

Jinja na Mbale zilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Tunazitaka halmashauri zote mbili ziorodheshe vituo vya malezi, vilivyosajiliwa na visivyosajiliwa, na ziwapangie walimu wa elimu maalumu waliosomea Chuo Kikuu cha Kyambogo kuvitembelea kila muhula. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zina vitengo vya afya ya akili: tunaomba zitenge siku moja ya wiki kwa watoto, ili mzazi asilazimike kukopa nauli ya kwenda hospitali ya akili ya Butabika, Kampala, kupata jina la tatizo la mwanawe. Na yeyote anayeona mtoto amefungwa au anapigwa asisubiri mkutano wetu. Simu ya bure ni 116.

Nakala za tamko hili zinapelekwa kwa mameya na makarani wa majiji yote mawili, maofisa elimu, maofisa ustawi wa jamii, na wenyeviti wa vijiji (LC1) vya tunakoishi. Tunaomba majibu ya maandishi kabla muhula ujao haujafunguliwa, kwa sababu wiki hiyo ndipo tutakapokuwa tena malangoni tukiomba nafasi.