Siti Iliyonasa: Acheni Kusingizia Baiskeli



Tuache kudanganyana kwamba "Dodoma ni kavu, kutu ni ya watu wa Tanga." Chukua spana sasa hivi, legeza boliti ya siti, jaribu kuipandisha. Wengi wenu haitasogea.

Ni kweli mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili. Lakini keria inabeba madumu ya maji mwaka mzima, na visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Yakimwagika, huingia pale bomba la siti linapozama kwenye fremu na kukaa humo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana bomba linabana.

Mwenye baiskeli ya mtumba yenye bomba la alumini asijione amepona. Metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na moja huliwa. Hata baiskeli za mashindano zenye fremu ya kaboni, ambayo haipati kutu, hunasa bomba la alumini kwa njia hiyo hiyo.

Msiniambie hamna pesa. Grisi ya kidole kimoja inatosha. Kinachogharimu ni fremu iliyopasuliwa kwa nyundo msimu wa kupeleka alizeti mashineni, au magoti yanayouma kwa sababu siti imegoma chini.

Fanya hivi mwezi Novemba, rudia mwezi Mei:

1. Weka alama ya urefu wa siti, kisha chomoa bomba.
2. Futa kutu kwa msasa, kausha ndani ya fremu kwa kitambaa.
3. Paka grisi bomba lote linalozama. Oili chafu haifai, huchuruzika.
4. Rudisha, usipitishe alama ya mwisho iliyochongwa kwenye bomba, kaza boliti.

Fremu ya kaboni haipakwi grisi ya kawaida. Ina dawa yake maalumu.

Ikiwa imeshanasa, tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio, acha usiku kucha, kisha zungusha siti kushoto na kulia. Usigonge.

Nanyi mafundi, kupachika bomba kavu ni kumwibia mteja polepole. Mteja, usilipe kabla hujaiona grisi kwa macho yako.

Jembe unalinoa kila msimu. Baiskeli inayobeba mavuno ya jembe hilo nayo ni zana ya shamba.