Kamera ya siri haitoshi kumlinda mtoto

Siku hizi wazazi wengi wa mijini huniuliza swali moja wanapomleta mtoto kwa chanjo: je, daktari, ni vyema kutega kamera ya siri nyumbani ili kumchunguza yaya? Vifaa hivi vimekuwa vidogo na bei yake imeshuka. Vingine hufichwa ndani ya saa ya ukutani, na mama aliye kazini hutazama sebule yake kwa simu ya mkononi.

Hofu ya wazazi ina msingi. Novemba 2014, picha zilizonaswa mjini Kampala, Uganda, zilienea kote. Baba wa mtoto wa miezi 18 alikuwa ameona majeraha mwilini mwa bintiye, akatega kamera. Yaya alionekana akimpiga mtoto, kumwangusha sakafuni na kumkanyaga. Desemba mwaka huo mahakama ilimfunga miaka minne.

Lakini angalia, msomaji, kwamba baba aliona majeraha kwanza. Kamera ilithibitisha tu kile ambacho mwili wa mtoto ulikuwa umekwisha kusema. Mtoto wa miezi minne, ambaye hata kutambaa hajaanza, ni vigumu ajigonge mwenyewe. Alama ya damu iliyovilia shavuni, sikioni au shingoni mwake ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, wala si ya kwenda dukani kununua kamera. Vivyo hivyo mtoto anayetapika bila kuendesha, aliyelegea au aliyeshikwa na degedege, yamkini alitikiswa kwa nguvu. Kutikiswa kwa sekunde chache kunaweza kupasua mishipa ya damu ndani ya kichwa, na nje pasionekane jeraha lolote.

Kuna pia mtoto anayelala mno. Wapo mayaya (na, tuseme kweli, wapo akina mama) wanaompa mtoto dawa ya mafua kama Piriton ili asinzie. Kwenye kamera mtoto huyo anaonekana ametulia, na mwajiri humsifu yaya! Maziwa yaliyozidishwa maji pia hayaonekani kwenye picha. Yanaonekana kwenye mizani ya kliniki. Kwa kawaida uzito wa kuzaliwa huongezeka maradufu kufikia miezi mitano hivi, na mara tatu mtoto akitimiza mwaka.

Kisha kuna yaya mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo. Baada ya hapo mtoto huachiwa msichana ambaye mara nyingi huamka saa kumi na moja alfajiri, akafua, akapika, akapiga deki, na usiku akawa wa mwisho kulala. Mtoto akilia saa nzima mikononi mwa mtu aliyechoka hivyo, kuna hatari hata kama moyo wake ni mwema. Mama mmoja aliniambia kamera yake ilimgharimu kuliko mshahara wa yaya wa mwezi mzima. Nilipomuuliza yaya hupumzika siku gani, alinyamaza.

Kwa maoni yangu, kamera sebuleni si kosa, mradi yaya aambiwe siku ya kwanza kwamba ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, naye yaya ni mtu. Kamera isitiwe kamwe anakolala wala bafuni. Anayejua kuwa anatazamwa huenda akajizuia kabla ya kuinua mkono. Ile ya siri hungoja mtoto aumie ndipo itoe ushahidi. Na mzazi mwenye shaka kubwa kiasi cha kutega mtego, kwa nini amwachie mtu huyo mtoto hata siku moja zaidi?

Aliyekwisha kuona mabaya kwenye kamera asimpige yaya wala asisambaze picha za mtoto. Ampeleke mtoto hospitali kwanza, ahifadhi picha hizo, kisha aripoti kwa polisi au apige simu nambari 116, ambayo haina malipo na hupokelewa usiku na mchana.