Mezani hulazwa nani?

Wadau, juzi Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, nimemkuta machinga anauza chati za shule: mtu kachunwa ngozi, misuli yote nje. Nikajiuliza, huyo wa kwanza kupasuliwa ili achorwe hivi, kuna aliyemwomba ruhusa?

Tazama mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1632. Dk. Tulp wa Amsterdam anawaonyesha wenzake misuli ya mkono wa maiti. Mabwana wale walilipia picha, na majina yao yameandikwa humo humo. Maiti ni Aris Kindt, jambazi aliyenyongwa. Jina lake halimo.

Tusidhani hayo ni mambo ya Wazungu na wezi wao tu. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi mwaka 1900, na familia yake imekitafuta kichwa chake Ujerumani kwa miaka mingi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kuwa wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, yaliyobebwa enzi za ukoloni. Kwa vipimo vya DNA, moja likapata jina: Akida, mshauri wa Meli. Ndugu zake wa damu wapo hai, hapa hapa Tanzania.

Sisemi watu wasipasuliwe. Bila maiti hatupati daktari. Ila mbona mezani hulazwa mnyonge, asiyeweza kukataa? Anayepasua huandikwa jina, anayepasuliwa huandikwa namba. Hilo ni deni, na deni haliishi kwa kuomba radhi. Rudisheni mafuvu, na kila fuvu lije na jina lake.